Mchanga Tulioushusha Getini

Roli lililopakia mchanga mbichi hulia maji. Kabla halijafika getini unauona mstari mweusi kwenye vumbi nyuma yake, na kama mchanga umepandishwa kilima juu ya bodi, mistari inakuwa miwili, mmoja kila upande. Nimeitazama mistari hiyo kwa miaka. Jua likipanda inakauka, kesho yake inachorwa tena pale pale, kana kwamba hakuna kilichopita jana.

Kazi yangu ni kunyanyua mti. Geti letu si geti la bati wala la chuma, ni mti mmoja mrefu uliofungiwa jiwe upande mmoja ili uwe mwepesi, na kamba upande wa pili. Dereva akilipa ushuru wa kijiji, navuta kamba. Akipita, naushusha. Liko kwenye mdomo wa daraja dogo la zege, sehemu za Hombolo, na daraja hilo linavuka korongo ambalo kwa sehemu kubwa ya mwaka halina maji, lina mchanga tu. Upande wa huku kuna nyumba zetu, shule, zahanati na njia ya vumbi inayokwenda kuikuta lami ya kuingia Dodoma mjini. Upande wa kule, kwenye geti, kuna mashimo ya mchanga na mashamba ya zabibu. Shamba la baba yetu ndilo la kwanza ukishavuka. Safu zake za mbele ziko karibu na daraja kiasi kwamba vumbi la maroli linakaa juu ya majani kama unga.

Mama alitangulia, na baba akafuata kabla hatujazoea nyumba isiyo na mama. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Nilirudi nyumbani kwa ajili ya msiba, wageni wakaondoka, nikabaki na mdogo wangu wa kike, mdogo wetu wa kiume na mizabibu iliyokuwa inataka kupogolewa wiki ile ile. Nikashika mkasi. Sikurudi tena darasani, na sikumbuki siku niliyoamua hivyo.

Zabibu ndiyo iliyotulea. Lakini zabibu si mahindi. Mahindi unaweza kuyaweka ndani ukayapeleka soko la Kibaigwa siku utakayo, bei ikikukera unarudi nayo. Zabibu ikiiva inakupa siku chache tu. Ikipigwa na mvua inapasuka, nyuki wanajaa, na mnunuzi akiona maji ya zabibu yanadondoka chini ya kreti anafunga mlango wa gari lake. Na gari la mnunuzi, ili lifike shambani, lazima livuke daraja. Kwa hiyo tangu nikiwa msichana nililiangalia daraja lile kama mtu anavyoliangalia paa la nyumba yake mawingu yakikusanyika.

Mji ulipoanza kukua, majengo yakiota kila upande, maroli ya mchanga yakatufuata. Kijiji kikaitisha mkutano uwanja wa shule tujadili ushuru. Mtu mmoja alisema tutoze kwa uzito, kama wanavyofanya kwenye mizani ya barabara kuu.

"Mizani tunayo?" mwenyekiti wa kijiji akauliza.

"Iko moja buchani," akajibu mwingine, na uwanja mzima ukacheka.

Basi tukakubaliana kutoza kwa tripu. Roli likivuka limejaa, hiyo ni tripu. Ni rahisi, hata asiyejua kusoma anaihesabu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Nikapewa geti kwa sababu nimesoma kidogo, sinywi pombe, na shamba letu liko hapo hapo.

Hatukuwaza kwamba madereva nao wana akili. Kama ushuru ni wa tripu, kwa nini upite mara mbili kwa mchanga unaoweza kuupitisha mara moja? Kabla ya mwaka kuisha kila roli lilikuwa limeongezewa mbao juu ya bodi, na juu ya mbao kilima, na juu ya kilima wamekaa vijana wa kupakia na machepe yao. Sisi wenyewe, kwa makofi yetu, ndio tuliowaambia wajaze.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mdogo wangu wa kiume. Alimaliza shule akaniambia hawezi kukaa kwenye mizabibu kama mwanamke. Akaenda mashimoni. Huko walilipwa kwa roli, na dereva aliyetaka kilima aliwaongeza kidogo. Hivyo nyumba yetu ikawa na mmoja anayepandisha kilima asubuhi na mwingine anayekifungulia njia mchana, na wote tukala kutoka chungu kimoja.

Ufa ulianza upande wa geti, pale daraja linapokaa juu ya ukuta wa mawe. Mawe hayo baba aliyabeba na wanakijiji wenzake zamani, mimi sijazaliwa. Mwanzoni ufa ungeingiza ukucha tu. Baadaye kidole. Nilimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaandika wilayani, na baada ya muda mrefu akaja mtaalamu, kijana mpole. Alivua viatu vyake vizuri, akashuka korongoni miguu mitupu, akapiga picha. Alipopanda uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka wodini kumwona mgonjwa wa mwenzake. Alisema daraja hili lilijengwa kwa ajili ya mikokoteni na magari madogo. Alisema kulitengeneza kutahitaji fedha nyingi kuliko ushuru wote tuliowahi kukusanya, na akasema litaletwa bango la kuonyesha uzito unaoruhusiwa.

Bango lililetwa kweli. Vijana wa kupakia walilitumia kuanikia mashati.

Nilikaa chini ya lile bango nikifikiri. Mizani sina, na askari wa kunisaidia hayupo. Ndipo nikamkumbuka mama na debe lake. Mama alikuwa akiuza karanga. Kwetu kuna anayeuza debe la kilima, anamimina mpaka karanga zinaporomoka pembeni, mteja anafurahi. Na kuna anayepitisha kijiti juu ya mdomo wa debe, kinachozidi kinarudi guniani. Mama alikuwa wa kijiti. Wateja walimnung'unikia, lakini kesho walirudi.

Nikakata mti mwepesi wenye urefu wa kuzidi upana wa roli. Nikauegemeza getini.

Wa kwanza kukutana nao alikuwa mzee mmoja wa mjini, mtu wa Chang'ombe, anayeendesha tipa la tairi kumi la rangi isiyojulikana tena ilikuwa ipi. Familia yao ni watu wa biashara tangu enzi za misafara, na yeye mwenyewe husema babu yake alipita hapa na punda, akalipa ushuru kwa shanga, wala hakusumbuliwa kama anavyosumbuliwa yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nyanyua, jua linanimaliza."

"Shusha kilima kwanza."

"Kilima gani?"

"Hicho kilichokaa juu ya bodi."

Akatoa kichwa dirishani, akautazama mzigo wake kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Hicho si kilima. Hiyo ni kofia. Mimi mtu wa swala, sitembei kichwa wazi."

"Darajani utapita kichwa wazi leo. Ukivuka utavaa."

Vijana waliokaa juu wakaangua kicheko. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, yeye peke yake hakucheka.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mchanga huu nimeupandisha mimi tangu alfajiri."

"Basi unaujua. Ushushe."

Nilimpa ule mti. Waliupitisha juu ya bodi, huyu ncha hii, yule ncha ile, kama mama na debe lake, mchanga ukaporomoka kando ya geti. Mzee alipiga honi muda wote, si kwa hasira, ni kwa kuonyesha tu kwamba yupo.

Jioni ile nyumbani mdogo wangu hakunitazama.

"Ninachopakia mimi, wewe unamwaga," akasema. "Tungekuwa wake wenza tungepatana zaidi."

"Daraja likikatika utapakia nini?"

"Likikatika litajengwa. Serikali ipo."

"Na zabibu zitasubiri serikali?"

Mdogo wetu wa kike, ambaye ndiye hasa mwenye mkono wa mizabibu, alisukuma bakuli la mlenda katikati yetu. "Kuleni," akasema. "Ugali hausubiri serikali wala nani."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila siku nilinyanyua mti mmoja na kushusha vilima kwa mwingine. Walioniita mchawi waliniita, walioniita mama mizani wakaniita. Wengine walipita wakati nimekwenda kunywa maji, nikirudi naona mistari miwili imevuka. Sikuwakimbiza. Mgongo ulikuwa unaniuma na hasira nayo ni kazi, mtu hawezi kufanya kazi zote. Lakini aliyenikuta, alishusha.

Mchanga ulioshushwa nao ukawa mwingi. Nilikuwa nauhamishia kidogo kidogo pembeni mwa shamba letu, kwenye mwinuko, usizibe njia. Yule mzee akauita kaburi la jitu. Kila akipita anauliza, "Marehemu anaendeleaje?" Mwenyekiti alikuja siku moja akauzunguka, mikono nyuma.

"Huu mchanga ni wa nani?"

"Wa daraja."

"Daraja linamiliki mali?"

"Ni wake, mwenyekiti. Umetoka mgongoni kwake."

Alitikisa kichwa akaondoka. Nadhani alikuwa ameshaupatia mteja.

Sasa nifike kwenye mtambo.

Wakati wa kiangazi mkandarasi mmoja kutoka mjini alileta mtambo wa kuchimbia, wa njano, mkubwa kama nyumba mbili za kwetu. Haukupita darajani. Waliupitisha chini, kwenye mchanga mkavu wa korongo, tukasimama kuutazama kama watoto. Ukachimba miezi yote ya jua. Wenyewe walisahau, au hawakujua, kwamba korongo la huku mvua zikianza halipitiki kwa chini. Mchanga ukishashiba maji unameza hata ng'ombe.

Mvua zikaanza. Zabibu za msimu ule zilikuwa zimebakiza siku chache. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaonja punje moja kila asubuhi na kunitikisia kichwa kutoka shambani: bado. Asubuhi moja akaonja na hakutikisa kichwa. Alinionyesha vidole vinne. Nikampigia mnunuzi, akasema atakuja siku ya nne na gari lake.

Asubuhi hiyo hiyo likaja roli refu la kubebea mitambo, limeufuata ule wa njano. Likavuka tupu kuja upande wangu, na lililo tupu sina haki ya kulizuia. Mchana likarudi na mtambo mgongoni. Tairi zilikuwa zimebonyea kama mikate. Nikaushika mti kwa mikono miwili.

Msimamizi wao alishuka, kijana mwenye kizibao cha kung'aa. Alinisalimu vizuri. Akanipa karatasi.

Ilikuwa kibali cha kupitisha mzigo mzito. Kilikuwa na mhuri, na namba ya gari, na aina ya mzigo, na chini kimeandikwa kwamba ada imelipwa pamoja na gharama za uharibifu wa barabara. Nilisoma sehemu hiyo, nikairudia.

"Uharibifu upi huu?" nikauliza.

"Utakaotokea."

"Haujatokea, na umeshalipiwa?"

"Ndiyo maana ya kibali, dada. Gari letu linazidi uzito, tunajua, serikali inajua. Tunalipa kabla."

"Amelipwa nani?"

"Serikali."

"Daraja hili ni la kijiji. Baba yangu amebeba mawe yake."

"Na kijiji ni cha serikali," akasema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayejaribu kunisaidia kuelewa. Niliitazama ile karatasi nikijaribu kuona mahali ambapo ile fedha ingeweza kupita mpaka ikafika kwenye ufa wetu. Sikuona.

"Nipe siku nne," nikamwambia. "Nivune. Baada ya hapo nitavuta kamba mwenyewe."

"Mtambo umekodiwa kwa siku. Na wingu lile unaliona. Nikichelewa leo, nitakaa nao hapa mpaka mvua ziishe. Nitafukuzwa kazi, dada."

Nililiona wingu. Niliona pia kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinichosha zaidi kuliko angekuwa mbaya.

Akampigia mwenyekiti. Mwenyekiti akaja nyuma ya bodaboda, akiwa amevaa shati lake la ofisini. Akasoma karatasi, akapapasa mhuri kwa kidole gumba.

"Binti yangu, karatasi ina mhuri."

"Nimeuona."

"Sasa?"

"Zabibu zimebakiza siku nne. Na zako ziko nyuma ya zangu, mwenyekiti, unazijua."

Aligeuka akayatazama mashamba. Nilidhani atasema kitu kingine.

"Nikiwazuia watu wenye kibali," akasema, "wilayani nitajibu nini?"

Nikaifungua kamba kwenye msumari wake, nikamkabidhi mkononi.

"Nyanyua wewe."

"Unanidhalilisha mbele za watu?"

"Hapana, mwenyekiti. Mkono wangu umechoka."

Alivuta. Hakuwa na mazoea, jiwe likazunguka nusura limpige goti, lakini mti ulinyanyuka. Roli likaingia darajani taratibu, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye mgonjwa. Niliweka macho kwenye ufa. Lilipofika katikati nilisikia mlio mmoja mfupi, mkavu, na kona ya daraja upande wa geti ikabomoka pamoja na mawe matatu ya ukutani. Roli halikusimama. Likavuka, likapanda upande wa pili, salama.

Msimamizi alirudi kwa miguu kutazama. Alichuchumaa pale kwenye tundu. "Nitaandika ripoti," akasema. Nikamwambia asante.

Jioni mvua ilinyesha juu, huko korongo linakotoka, na usiku maji yakashuka. Asubuhi tulipofika, daraja lilikuwepo, limesimama, lakini pale kona ilipobomoka maji yalikuwa yamepata mlango. Yalipita nyuma ya ukuta yakala udongo wote wa kuingilia darajani. Daraja lilikuwa kama meza iliyovutwa mbali na ukuta. Kati yake na ardhi ya kule kulikuwa na pengo ambalo mtu hawezi kuruka, na kule ndiko zilikokuwa zabibu.

Ng'ambo, ameketi kwenye ngazi ya tipa lake lililojaa, alikuwa yule mzee wa Chang'ombe. Giza lilimkuta mashimoni akalala garini.

"Binti!" akapaza sauti. "Unaniona nilivyofungwa?"

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba! Leo kofia nimeivua mwenyewe, lakini kichwa hakina pa kwenda!"

Watu walikuwa wengi ukingoni. Mwenyekiti alikuwa na simu sikioni, na kila aliyempigia alimwambia subiri. Maji yalipopungua, mdogo wangu wa kike alikunja gauni akashuka korongoni kwa kukanyaga mawe yaliyobomoka, akapanda kule kwa mikono na magoti. Aliingia kwenye safu, akakaa, akatoka ameshika kishada. Kutoka pale niliona punje zimepasuka.

"Safu za mbele," akapiga kelele. "Za nyuma bado nzima! Mvua moja tu tena, dada, hatuna kitu!"

Mnunuzi nilimpigia. Akasema anaweza kuja leo mchana, lakini gari halishuki korongoni, na makreti yakipita majini hayataki. Nikaweka simu mfukoni. Nakumbuka nilikaa chini juu ya daraja, miguu inaning'inia pengoni. Sikulia. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kuanzia, kama nilivyotafuta baada ya msiba, na sikupaona.

Ni mdogo wangu wa kiume aliyekuja akasimama nyuma yangu.

"Dada," akasema, "ule mchanga wako."

"Una nini?"

"Tuujaze kwenye viroba. Mawe chini, viroba juu. Upana wa toroli unatosha."

Niligeuza shingo kumtazama. Alikuwa ameshika chepe begani, na nyuma yake vijana wenzake wote wa mashimoni, mashati yao hayapo. Yalikuwa yameachwa kwenye bango.

Tukashuka kwa njia ile ile ya mdogo wetu wa kike, tukapanda mpaka kwenye lundo. Viroba vilitoka kila nyumba, vya mbolea, vya unga, vya pumba, magunia yenye viraka. Wanawake walishona midomo kwa kamba za katani. Vijana walijaza kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona walipokuwa wanapakia maroli, au pengine niliiona nikaichukia tu. Mzee akashuka kwenye tipa akaja kusimama kando ya lile lundo.

"Nusu ya marehemu huyu ni mimi," akasema.

"Unaudai, mzee?"

"Sidai. Nataka kumzika mwenyewe." Akachukua kiroba kichwani, kwa umri wake ule.

Mwenyekiti naye alibeba. Shati la ofisini lilikuwa limeshikana na mgongo, na nilipompisha njiani nilimwona anahema kwa mdomo. Tukapanga viroba kama matofali, safu juu ya safu, mpaka lundo likaisha. Halikutosha. Ilibaki kama goti moja kufika usawa wa daraja.

Tukamtazama mzee. Mzee akalitazama tipa lake.

"Mmenivua kofia mwaka mzima," akasema. "Leo mnataka na kichwa."

Akaingia garini, akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, akanyanyua bodi. Mchanga wote ukamwagika kwenye mdomo wa pengo, na vijana wakausawazisha juu kwa ule mti wangu wa kusawazishia, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile.

Kisha akawasha gari avuke. Nikasimama mbele yake.

"Zabibu kwanza, mzee."

"Binti! Nimemwaga mzigo wangu!"

"Najua. Ukipita wewe kwanza viroba vikalala upande, mimi sina pa kupita. Makreti ni mepesi. Wewe utapita mwisho, tupu, taratibu."

"Nina wake wawili mjini, na kila mmoja anaamini nimelala kwa mwenzake!"

"Leo watapatana."

Vijana walicheka, hata mdogo wangu. Mzee alizima gari, akashuka, akaomba kishada cha zile zilizopasuka. Akakaa kwenye kivuli cha tipa akala, akitema mbegu mbali, huku wingu likisogea juu yetu sote.

Tulikata bila kuchagua sana. Makreti yalivuka kwa toroli, mengine kwa vichwa, yetu na ya mwenyekiti na ya majirani, bila kujali la nani ni lipi. Mnunuzi alikuwa upande wa nyumba zetu na gari lake. Alirudisha makreti ya safu za mbele, kama nilivyojua. Ya nyuma aliyachukua. Tone la kwanza la mvua lilinigonga shingoni wakati kreti la mwisho linapanda. Mzee alivuka baada ya hapo. Viroba vilizama upande mmoja, tipa likainama, kila mtu akashika kichwa, likanyooka likapita. Alipiga honi mpaka alipopotea.

Hayo yamepita. Viroba vingali pale. Nyasi zimeota kwenye viraka, na vijana wa mashimoni huongeza mawe kila mvua zikitishia. Mwenyekiti ameandika barua kuulizia ile gharama ya uharibifu iliyolipwa kwenye kibali. Alijibiwa kwa heshima kwamba suala lake limepokelewa. Mkutano wa kijiji ulikaa tena, tukakubaliana kwamba roli lisilosawazishwa halivuki, na mchanga unaoshushwa ni wa daraja. Safari hii sikupiga makofi, nilikuwa na kazi getini. Lundo jipya limeanza pale pale kwenye mwinuko, na yule mzee bado anauliza hali ya marehemu.

Mdogo wangu bado anapakia. Sijamzuia. Ila akikaribia getini, nikiwa bado sijainuka kwenye kigoda, namwona anasimama juu ya mzigo na kuanza kusukuma kilima chini kwa chepe lake. Akimaliza anakaa. Hanitazami na mimi simtazami, nyumbani tunaongea mambo mengine.

Wiki hii ni ya kupogoa. Ukipogoa mzabibu leo, umeshapanga siku utakayovuna, na siku hiyo haibadiliki kwa sababu daraja limekatika. Ukiuacha bila kupogoa, huna mavuno, lakini pia huna cha kuoza. Asubuhi mdogo wangu wa kike alikuja getini, mkasi mkononi, akaangalia viroba, akaangalia mawingu ambayo bado hayapo.

"Dada, nipogoe safu ngapi?"

Roli lilikuwa linakuja kutoka mashimoni. Niliangalia nyuma yake. Mstari mmoja, mwembamba.

"Zote," nikasema, nikaenda kuvuta kamba.